Namna ya kulivuna somo la ajali ya handakini kabla halijaoza

Mwaka 1999 kule Boston, Marekani, handaki likiwa bado linajengwa, mafundi wakaona bolti zilizobeba vigae vya zege vya dari zimeanza kuchomoka. Hazijaanguka, zimechomoka tu kidogo, baadhi yake. Zilikuwa zimegandishwa kwenye paa kwa gundi ya epoksi, basi zikafungwa upya, zikavutwa kwa mashine kuona kama zinashika, zikashika, kazi ikaendelea. Julai 10, 2006 dari ya sehemu nyingine ya mradi huohuo ikashuka juu ya gari lililokuwa linapita, abiria mmoja akafa. Uchunguzi ukaja kusema gundi ile ukiitwisha mzigo miezi na miaka inanyumbuka polepole, kwa hiyo kile kipimo cha kuvuta muda mfupi kisingeweza kuonyesha tatizo hata ungekirudia mara mia, kilikuwa kinapima jambo jingine kabisa.

Ripoti ya uchunguzi ikatoka 2007, wazi, mtu yeyote anaisoma. Desemba 2, 2012, kule Japani, kwenye handaki la Sasago lililofunguliwa miaka ya 70, dari ya zege iliyoning'inizwa kwa bolti za gundi ikaporomoka kwa urefu wa kama mita 140 na watu 9 wakafa. Lilikuwa limekaguliwa Septemba ya mwaka huohuo, ila bolti za juu kabisa hazikugongwa kwa nyundo kusikiliza kama zimelegea. Sisemi sababu za kule ni zilezile za Boston kopi kwa kopi, Sasago ilikuwa na umri wake na mambo yake ya usanifu, lakini swali lenyewe, "hizi bolti za gundi zilizo juu ya vichwa vya watu nani anazigusa na kwa kipimo gani", lilikuwa limeshaulizwa miaka mitano kabla upande wa pili wa bahari.

Somo halikukosekana basi. Boston 1999 lilifika mpaka mikononi mwa watu, wakalifunga upya kwa spana.

Haya ninayoandika ni kwa yeyote anayehusika na handaki la barabara, opereta wa kontroli, injinia, afisa usalama, zimamoto, hata meneja anayesaini bajeti. Na nikisema kujifunza namaanisha kwamba kuna kitu kimebadilika, mlango, kitufe, feni, sentensi ya tangazo, tarehe ya ukaguzi, kitu unachoweza kwenda kukigusa au kukisikia. Kama hakuna kilichobadilika basi mlikaa kikao tu.

Anza na nusura, usisubiri maiti

Moto mkubwa handakini ni kitu adimu, handaki lako linaweza kukaa miaka 20 bila kuungua, kwa hiyo ukisema utajifunza siku moto ukitokea maana yake hutajifunza kitu mpaka unastaafu, au utajifunza siku moja tu tena vibaya sana. Vinavyokuja kila wiki ni vile vidogo: gari limezimika kwenye leni ya kulia, lori refu limepangua kizuizi cha urefu mlangoni, dereva kaona foleni akageuza gari humohumo ndani, alamu imelia bila moshi mara ya tatu mwezi huu, mlango wa dharura umekutwa umekwama kwa sababu fundi aliegemeza ngazi upande wa pili. Hizo ndo nusura. Kila moja ni ajali iliyokosa kitu kimoja tu kuwa kamili.

Mtu akikwambia gari kuzimika siyo tukio la usalama mpe mfano wa handaki la Burnley, Melbourne, Machi 23, 2007. Chanzo chake kilikuwa lori lililosimama na tairi bovu. Magari mengine yakaanza kulikwepa, wakagongana, moto ukawaka, watu 3 wakafa. Lori la tairi bovu kila handaki linalo, na mara nyingi sana linasukumwa, linavutwa, linaondoka, na kwenye kitabu cha shifti linaandikwa neno moja, "limeondolewa". Neno hilo mimi silipendi kabisa, kwa sababu halikwambii lilikaa dakika ngapi kabla ya mtu kuliona, bango la leni liliwaka baada ya muda gani, na magari mangapi yalilikwepa kwa kufunga breki.

Au chukua handaki la Yanhou, China, Machi 1, 2014. Foleni ya malori ilikuwa imetengenezeka ndani ya handaki, tanki la methanoli likaligonga kwa nyuma tanki jingine la methanoli, ikamwagika, ikawaka, watu 40 wakafa. Foleni kwenye barabara ya wazi ni kero, ndani ya handaki ni mtego, na kama foleni inaingia kwako kila Ijumaa jioni kwa sababu ya mizani au taa au kituo cha ukaguzi kilichoko kilomita moja mbele, hiyo tayari ni nusura inayojirudia, iandike hivyohivyo kila Ijumaa hata kama watu watakucheka.

Sasa namna ya kuzikusanya. Fomu iwe ya kujaza dakika 3, ikizidi hapo opereta wa usiku hataijaza, na ukimlazimisha atajaza uongo. Nini kimetokea, wapi kwa namba ya mita, saa ngapi kiligunduliwa na kiligunduliwaje (kamera, sensa, simu, mtu kapita akaona), nini kilimshangaza. Hicho kipengele cha mwisho ndo dhahabu. Opereta akiandika "nilibonyeza feni upande wa mashariki zikawaka za magharibi" umepata kitu ambacho mkaguzi wa nje asingekipata kwa mwaka mzima.

Na mara ya kwanza mtu akiandika kosa lake mwenyewe mkamkata mshahara, funga duka. Hamtapata fomu nyingine ya kweli kutoka kwenye shifti yoyote, habari zinasambaa fasta kuliko moshi. Mtu aliyelewa kazini ni kesi nyingine, ila aliyebonyeza kitufe kisicho chenyewe kwa sababu vitufe viwili vimefanana, huyo amekuletea zawadi.

Saa 24 za mwanzo

Tukio kubwa likitokea ushahidi unaanza kupotea hapohapo, tena unapotezwa na watu wema wanaotaka kufungua barabara. Picha za kamera zinajifuta baada ya siku kadhaa, mfumo unaandika juu ya za zamani, kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi hiyo tu, kuzikopi za kamera zote, siyo ile iliyoonyesha moto peke yake. Kamera ya mlangoni inakuonyesha magari mangapi yaliingia baada ya taa nyekundu kuwaka, na hilo wengi wanalisahau. Chukua pia kumbukumbu za mfumo wa alamu, za feni, za mabango, sauti za redio, sauti za simu za dharura. Piga picha milango yote ya dharura kabla haijaguswa, ipi ilifunguliwa ipi haikufunguliwa, mitungi ipi ya kuzimia moto ilitolewa, na masizi ya moshi ukutani yanaishia wapi, maana yale yanakuchorea moshi ulikopita na ulikaa urefu gani kutoka sakafuni.

Halafu saa. Saa ya kamera inasema 14:02, ya feni 14:05, ya zimamoto 13:59, na kila mmoja anaapa yake ndo sahihi. Kabla hujafanya lolote tafuta jambo moja lililoonekana kwenye mifumo yote, mfano taa kuzimika au geti kushuka, pima tofauti, andika. Bila hapo utajenga mlolongo wa uongo, utamlaumu opereta kwamba alichelewa dakika 3 kumbe ni saa ya kompyuta ilikuwa mbele.

Watu waongee mmoja mmoja kabla hawajakaa pamoja. Siyo kwamba watadanganya, ni kwamba kumbukumbu ya mtu mwenye sauti kubwa huwa inawaambukiza wengine, baada ya nusu saa wote wameona kitu kilekile. Waulize walichokiona, walichokisikia, walichodhani kinaendelea. Madereva nao, na hapa watu wengi wanakosea, wanahoji wafanyakazi wao tu wakati waliojua kama tangazo lilisikika ni wale waliokuwa wamefunga vioo na redio inapiga muziki.

Usiulize nani, uliza kwa nini aliona ni sawa

Baada ya hapo panga mlolongo, dakika kwa dakika, kwenye karatasi ndefu ukutani au kwenye jedwali, na weka mistari kadhaa sambamba: moto, moshi, opereta, zimamoto, watu ndani. Kwenye kila dakika andika huyu alikuwa anajua nini. Siyo tunachojua leo tukiwa tumekaa na ripoti mezani, alichokuwa anajua yeye dakika hiyo. Ni kazi ya kuchosha, inaweza kula siku mbili, na ndo kazi yenyewe.

Mfano ambao kila mtu wa mahandaki anao kichwani ni Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, kilomita 11.6, Machi 24, 1999. Lori lililobeba majarini na unga likaanza kutoa moshi, likasimama katikati, moto ukawaka saa 53, joto likafika kwenye nyuzi 1000, watu 39 wakafa. Ukisoma harakaharaka utasema lori ndo tatizo. Ukipanga mistari sambamba unaona mengine: handaki moja lilikuwa na vyumba viwili vya kontroli, kila nchi na chake na kampuni yake, na mabomba yale ya hewa upande wa Italia yaliwekwa kusukuma hewa safi ndani badala ya kufyonza moshi. Opereta wa upande ule hakuwa anataka kuua mtu. Kwa alichokuwa anakiona watu wake ndani wanahitaji hewa, akawapa hewa, na hewa ileile ikaenda kuulisha moto. Ukiandika "opereta alikosea" umefunga jalada, ukiuliza kwa nini ilionekana sawa unafika kwenye vyumba viwili, kwenye mafunzo, kwenye mkataba wa nchi mbili, na hapo sasa kuna vitu vya kubadilisha.

Vilibadilika kweli. Handaki lilifungwa mpaka 2002, likarudi na kontroli moja, vyumba vya kukimbilia vinavyounganishwa na njia ya kutokea (vile vya zamani vilikuwa vyumba tu, ukiingia umeingia, na kuna mlinzi wa pikipiki wa Kiitalia, Pierlucio Tinazzi, aliyeingia kuokoa watu na akafia humo), mitambo ya kupima lori lenye joto kabla halijaingia, na sheria ya kuacha mita 150 kati ya gari na gari.

Swali jingine la Mont Blanc ni kwa nini watu wengi walikutwa wamekufa ndani ya magari yao. Jibu rahisi ni kwamba walipigwa butwaa, na mimi jibu hilo silikubali, kwa sababu linatuachia sisi tulale. Jiweke kwenye kiti: foleni imesimama, mbele kuna kama ukungu, gari lako lina milango na vioo na mizigo yako, hakuna aliyekwambia kitu, aliye mbele yako hajatoka, aliye nyuma hajatoka. Kutoka na kuanza kutembea kwenye giza ndo kunaonekana wazimu. Kwa hiyo somo siyo "watu waelimishwe", somo ni kwamba mtu haachi gari lake mpaka aambiwe kwa sauti ya binadamu, kwa maneno machache, aende wapi. Spika zenu zinasikika gari likiwa limefungwa vioo? Mnaweza kuingilia redio ya gari? Tangazo linasema "tafadhali fuateni maelekezo" au linasema "zima gari, acha ufunguo, toka, nenda kwenye mlango wa kijani"? Neno "maelekezo" halijawahi kumtoa mtu kwenye gari.

Linganisha na Gotthard, Uswisi, kilomita 16.9, Oktoba 24, 2001. Malori mawili yakagongana, moja lina matairi, moto mkubwa, watu 11 wakafa. Ni wengi, lakini handaki lile lilikuwa na njia ya usalama inayokwenda sambamba, yenye milango kila baada ya mita 250, na waliotoka mapema wakaingia humo wakapona. Ukijifunza kutoka tukio tafuta pia kilichofanya kazi. Watu wanasahau hilo kabisa, ripoti nzima ni makosa, afu bajeti ikibanwa mwaka unaofuata wanapunguza kilekile kilichookoa watu kwa sababu hakijaandikwa popote kwamba kiliokoa. Burnley vilevile, mvua ya maji ya darini (mabomba yanayomwagia moto maji kutoka juu) ilifunguliwa mapema, moto ukadhibitiwa, barabara ikafunguliwa ndani ya siku chache. Kule Ulaya wengi walikuwa na mashaka na mvua hizo wakati Japani na Australia walikuwa wameshazizoea, na tukio kama lile linabadilisha mjadala kuliko makongamano kumi.

Moshi una upande

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo masomo mengi yanapojificha. Agosti 5, 2013 lori liliwaka ndani ya handaki la Gudvanga, Norwe, refu kilomita 11.4, tundu moja, magari yanakwenda na kurudi humohumo. Feni zikawashwa kama mpango ulivyosema. Mpango ulikuwa umeshaamua tangu mwanzo moshi usukumwe upande gani, ili zimamoto waingie na hewa safi mgongoni. Upande wa pili, ambako moshi ulisukumwa, kulikuwa na kilomita kadhaa za handaki na watu ndani. Watu 67 wakanaswa kwenye moshi, wengine wakatembea wakipapasa ukuta kwa muda mrefu. Hakufa hata mmoja, na sijui kama kuna neno jingine zaidi ya bahati.

Angalia hakuna aliyekosea. Kila mtu alifuata mpango. Mpango ndo ulikuwa umeandikwa na mtu aliyemfikiria anayeingia, akamsahau aliyemo. Na Agosti 2015 handaki hilohilo likaungua tena, safari hii basi.

Kwa hiyo fungua mpango wako wa moshi leo, chukua penseli, chora moto kwenye mita 500, kwenye katikati, kwenye mita 500 za mwisho, na kila mahali jiulize feni zikiwaka kama ilivyoandikwa ni nani atakayepigwa na moshi, wako wangapi, mlango wa karibu uko wapi. Kama handaki lina njia mbili za magari kwenye tundu moja hakuna jibu zuri, kila upande una watu, na hapo ndo unaanza kuelewa kwa nini wataalamu wengine wanasema dakika za kwanza usiwashe kwa nguvu, moshi wa moto ukikaa juu darini bila kupulizwa huwa unaacha hewa ya kupumua huku chini kwa muda, ukiupuliza kwa kasi unauvuruga wote unashuka. Dakika hizo ni za watu kutembea. Hili siyo la kuamua mwenyewe kwa kusoma hapa, kaa na injinia wa hewa na zimamoto, ila uliza, usiogope kuonekana mjinga.

Na mwinamo. Handaki linalopita chini ya bahari linashuka na kupanda, injini na breki zinachemka, na moshi wenyewe unapenda kupanda mlima. Oslofjord, Norwe, mwinamo wake ni asilimia 7, malori yaliwaka humo 2011 na tena 2017.

"Lakini halikubeba mafuta"

Sentensi hiyo utaisikia kwenye kila kikao, kwamba kwetu matanki hayaruhusiwi kwa hiyo tuko salama. Majarini na unga, nakukumbusha. Mwaka 2003 huko Norwe kwenye handaki la zamani la Runehamar walichoma kwa makusudi mizigo ya kawaida kabisa ya lori, mbao, plastiki, fanicha, na moto ukafika hadi megawati 200 hivi, joto likapita nyuzi 1300. Lori la fanicha linaweza kuwaka kama tanki. Orodha ya mizigo hatari ni nzuri, ila usiifanye mto wa kulalia.

Kuiba somo la wenzako

Hili ndo la bei rahisi kuliko yote na ndo halifanyiki. Ripoti za uchunguzi za Norwe, Marekani, Uswisi, Ufaransa ziko wazi, na Ulaya wana sheria ya 2004 inayotaka meneja wa handaki aandike ripoti ya tukio kubwa ndani ya mwezi 1, na nchi zikusanye taarifa za mioto na ajali kila miaka 2. Tatizo ni namna tunavyosoma, tunasoma kama tunavyosoma habari za mbali, tunasikitika, tunafunga.

Soma hivi: kila penye jina la handaki lao weka la kwako, kila penye jina la kampuni weka ya kwenu, soma kwa sauti mbele ya shifti nzima na simama kila sentensi uulize, hii ingetokea hapa? Mara nyingi sentensi ya tatu tu mtu ananyoosha mkono. Halafu tokeni mkaangalie. Machi 13, 2012 kule Sierre, Uswisi, basi lililobeba watoto wa shule liligonga ukuta wa mwisho wa sehemu ya kusimamia magari ya dharura, watu 28 wakafa, 22 kati yao ni watoto. Ukuta ule ulikuwa umekaa mkabala kabisa na gari linalokuja, kama kipande cha mlango. Usibishane kuhusu dereva, chukua tochi na koti la kung'aa, handaki likifungwa usiku kwa usafi tembea kila sehemu ya kusimamia uangalie kuta zako zimekaaje. Saa moja inatosha. Ukirudi hutahitaji mtu akufafanulie maana ya ripoti ile.

Vilevile dari, mabango mazito, feni zinazoning'inia: nani alizigusa mara ya mwisho, kwa mkono au kwa darubini?

Somo liwe kitu

Mapendekezo ya ripoti nyingi yanaishia "wafanyakazi wakumbushwe kuwa makini". Ukilikuta hilo lifute. Mtu amechoka saa tisa usiku, umakini haumo mfukoni mwake wa kutoa. Kama vitufe viwili vimefanana vitenganishe, weka rangi, weka kifuniko. Kama mlango umekwama weka sensa inayolia ukizibwa. Kama malori yanaongozana kwa karibu, fanya kama Gotthard walivyofanya baada ya 2001, waliyazuia nje na kuyaachia moja moja kwa nafasi. Kubadilisha kitu ni bora kuliko kubadilisha karatasi, na kubadilisha karatasi ni bora kuliko kuwaambia watu wajitahidi. Kitu nacho kina gharama, najua, ndo maana kila pendekezo liwe na jina la mtu mmoja, siyo idara, na tarehe, na alama ya kuonyesha limefanyika, picha au namba. "Linashughulikiwa" siyo alama.

Mapendekezo yakizidi kumi hakuna litakalofanyika, chagua manne.

Kisha lijaribu. Sheria ile ya Ulaya inataka zoezi kamili angalau kila miaka 4 na la sehemu au la mezani katika miaka ya katikati, ila mazoezi mengi niliyowahi kuyaona ni sherehe, kila mtu kajua tarehe mwezi mzima, zimamoto wamepaki karibu, opereta bora ndo kapangwa kazini, moshi wa mashine unatoka kidogo, wanapiga picha. Zoezi kama hilo linakuonyesha kwamba watu wako wanaweza kufanya maonyesho. Fanya jingine dogo bila kutangaza, usiku, hakuna gari, hakuna moshi, washa tu alamu moja ya mita fulani na shika saa: sekunde ngapi mpaka taa nyekundu ya nje iwake, sekunde ngapi mpaka sauti ya kwanza ya binadamu isikike kwenye spika, feni zipi zimewaka na kuelekea wapi. Namba tatu hizo ziandike. Rudia baada ya miezi mitatu na shifti nyingine, linganisha.

Na mchague yule aliyeanza kazi wiki iliyopita, ambaye wakati wa tukio lile hakuwepo wala hajawahi kulisikia. Usimsimulie. Mwambie kuna moshi mita 1,200, nyamaza, angalia mkono wake unakwenda kwenye kitufe gani.